Sampuli zisizo na mirabaha kwenye wimbo wa biashara: leseni, Content ID na karatasi za kutunza

Wimbo umetoka Ijumaa. Jumapili YouTube inaleta taarifa kwamba sehemu ya wimbo ni mali ya mtu mwingine, na mapato ya matangazo yanaelekezwa kwake. Mtu huyo hujawahi kumsikia, naye hajawahi kukusikia wewe. Mara nyingi hapo hakuna mwizi. Nyote wawili mlipakua lupu ileile ya gitaa, yaani kipande kifupi cha muziki kinachorudiwa, kutoka huduma ileile, mkalipa kihalali, kisha mmoja wenu akasajili rekodi yake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, kana kwamba kila sauti iliyomo ni yake peke yake.

Ugomvi wa namna hii huzuiwa mapema: siku sampuli inapopakuliwa, siku mkataba wa biti unapoandikwa, na siku fomu ya msambazaji inapojazwa. Hatua zifuatazo ni za prodyuza au msanii anayetoa wimbo mwenyewe kupitia wasambazaji wa mtandaoni, huduma zinazopeleka wimbo kwenye Spotify na maduka mengine ya muziki, bila lebo yenye mwanasheria wa kumsomea masharti.

Unacholipia na usicholipia

Kila wimbo una haki mbili. Kuna utunzi, yaani melodi na mashairi, na kuna rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa, ambayo wenye kazi huiita masta. Sampuli ni kipande cha rekodi ya mtu. Ikiwa ina melodi, ni kipande cha utunzi wake pia. Leseni ya bila mirabaha inakuruhusu kutumia vyote viwili ndani ya kazi yako bila kumlipa mwenyewe kila wimbo unaposikilizwa au kuuzwa. Ukishalipa bei ya pakiti au krediti za mwezi, hesabu kati yenu imeisha.

Hakimiliki inabaki kwake. Anaweza kuwapa ruhusa hiyohiyo maelfu ya watu wengine, na hiyo ndiyo biashara yake. Kwa hiyo huwezi kumzuia mwingine asitumie lupu hiyo, huwezi kuiuza kama sampuli, na huwezi kumuuzia msanii upekee ambao wewe mwenyewe huna. Karibu kila kosa linaloelezwa hapa chini linatokana na mtu kusahau mojawapo ya hayo matatu.

Hakuna aibu kutumia lupu ya kila mtu. Ngoma za "Umbrella" ya Rihanna, ya mwaka 2007, zimejengwa juu ya lupu iitwayo Vintage Funk Kit 03 iliyokuja na programu ya GarageBand ya Apple. Mwaka 2024 "Espresso" ya Sabrina Carpenter ilitumia sampuli zilizokuwa zikipatikana Splice, huduma ya kulipia sampuli mtandaoni, kwa yeyote mwenye akaunti.

Kisa cha "Old Town Road" ya Lil Nas X kinaonyesha upande mwingine. Biti yake ilinunuliwa BeatStars, soko la biti mtandaoni, kwa dola 30. Ndani yake kulikuwa na kipande kutoka albamu ya Nine Inch Nails ya mwaka 2008, iliyotolewa kwa leseni ya Creative Commons, leseni za wazi zinazoruhusu watu kutumia kazi kwa masharti maalumu, lakini ya aina inayokataza matumizi ya biashara. Wimbo ulipopasua anga ilibidi kibali kipatikane, na Trent Reznor na Atticus Ross wa Nine Inch Nails wakaingia kwenye orodha ya watunzi na maprodyuza. Lebo kubwa inaweza kumaliza jambo kama hilo mezani. Msanii wa kujitegemea, mara nyingi, wimbo wake hushushwa tu.

Hatua ya 1: Jua kila sampuli imetoka wapi

Fungua mradi wa wimbo kwenye programu yako, pita traki moja baada ya nyingine, na ujiulize faili hili lilipatikana wapi. Jibu litaangukia kwenye mojawapo ya vyanzo hivi.

*Huduma za kulipia kama Splice na Loopcloud.* Leseni ni ya mwenye akaunti. Kwenye Splice, sampuli ulizokwisha kupakua unaendelea kuzitumia hata ukisimamisha malipo ya mwezi. Unachopoteza ni krediti ambazo hukuzitumia. Tatizo la studio zetu ni akaunti moja inayotumiwa na watu sita. Siku ya kuthibitisha haki, cheti kinasoma jina la mwenye studio, na prodyuza aliyetoa wimbo hana chochote mkononi. Kila anayetoa kazi kwa jina lake awe na akaunti yake. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inatosha kulipia, na ule ujumbe wa malipo pamoja na risiti ya barua pepe ni ushahidi, kwa hiyo usiufute.

*Lupu zilizokuja na programu,* za GarageBand, Logic, FL Studio na nyinginezo. Ruhusa imo kwenye leseni ya programu yenyewe. Angalia mambo mawili. Kwanza, nyimbo za mfano zinazokuja ndani ya programu ni kazi za watu, kwa hiyo usizikate ukidhani ni sampuli. Pili, programu ya kukraki haina leseni, na sauti zake huna leseni nazo.

*Looperman* na tovuti kama hizo ambako watumiaji hupakia lupu zao wenyewe. Lupu zake zinaruhusiwa kwenye nyimbo za kuuza. Sauti za waimbaji zilizopo humo zina utaratibu wake: kwa matumizi ya biashara unatakiwa kuzungumza na aliyepakia na kukubaliana naye. Hatari ya tovuti hizi ni kwamba hakuna anayekuhakikishia kuwa aliyepakia ndiye mwenyewe. Lupu inayosikika kama imekatwa kwenye santuri ya zamani, yenye mikwaruzo na sauti ya mtu kwa mbali, iache.

*Freesound,* iliyoanzishwa mwaka 2005 na chuo kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona. Ni hazina ya sauti za mazingira: soko, mvua, pikipiki, milango. Kila sauti ina leseni yake, kwa hiyo usiseme "nimeitoa Freesound" ukadhani umemaliza. Kwenye utafutaji, chuja ubaki na zenye CC0, ambazo hazina sharti. Yenye BY inakutaka umtaje mwenyewe. Yenye NC haifai kwa wimbo wowote unaoingiza pesa, hata kama ni senti za kusikilizwa mtandaoni. Kwa kazi nyingine za Creative Commons utakutana pia na ND, inayokataza kazi kubadilishwa, na kuikata uitie ndani ya biti ni kuibadilisha. Kuna SA pia, inayotaka wimbo wako wote utolewe kwa leseni ileile ili wengine nao wauchukue. Sharti hilo halikai pamoja na mkataba wa msambazaji wala wa lebo.

*Melodi za watengeneza lupu wa Instagram na Discord.* Hapa ndipo maneno "bila mirabaha" hubeba masharti mengi zaidi. Mara nyingi ndani ya folda kuna faili dogo la maandishi linalosema kuwa lupu ni bure kwa wimbo wa kujitegemea, lakini wimbo ukisainiwa na lebo kubwa, au ukivuka idadi fulani ya wasikilizaji, mtengeneza lupu anadai sehemu ya haki ya utunzi, aghalabu nusu ya fungu la prodyuza. Hilo ni dai halali kwa sababu ulipakua ukiwa umepewa masharti. Faili hilo lisome kabla hujafungua lupu ya kwanza.

*Folda ya Telegram, Google Drive au flashi ya rafiki.* Pakiti iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuwa haina mirabaha ilimpa leseni aliyeinunua, na leseni nyingi zinasema waziwazi kwamba haihamishiki. Wewe huna kitu. Kwa milio ya pigo moja, kama kiki au snea (milio ya ngoma) iliyochanganywa na nyingine tatu, ni vigumu mtu kukugundua, na ndiyo maana watu wengi huendelea. Lakini ukisaini karatasi ya kumhakikishia mteja wa tangazo kwamba kila sauti ina kibali, umesaini uongo wenye thamani ya fidia yote atakayodaiwa. Nunua pakiti ya ngoma moja nzuri, utaitumia miaka.

*Tracklib* huchanganywa na huduma hizi, lakini ni biashara nyingine. Humo unakata rekodi halisi za wasanii halisi, unalipia leseni ya wimbo husika, na unaacha sehemu ya mapato.

Kisha kuna wimbo wa kawaida uliokatwa YouTube au kutenganishwa sauti kwa programu. Huo haumo kabisa kwenye mwongozo huu, na ile "sheria ya sekunde saba" inayozungumzwa studio haipo. Mahakama ya rufaa ya Marekani, kwenye kesi ya Bridgeport ya mwaka 2005, iliwaambia wanamuziki wachukue leseni au wasikate kabisa. Mahakama nyingine ya rufaa nchini humohumo ilikwenda kinyume mwaka 2016, kwa mlio wa pembe wa sekunde 0.23 kwenye wimbo wa Madonna. Mahakama ya Ulaya nayo, kwenye kesi ya Kraftwerk ya mwaka 2019, ilisema hata kipande kifupi sana kinahitaji ruhusa, ila kama kimebadilishwa hadi sikio haliwezi kukitambua. Kwa kuwa wimbo wako utasikika nchi zote hizo kwa wakati mmoja, panga kwa sheria iliyo kali kuliko zote.

Hatua ya 2: Soma masharti ukitafuta vitu mahususi

Leseni ya pakiti ya kawaida ni kurasa mbili au tatu. Usiisome kama hadithi, tafuta majibu.

Je, inaruhusu kuuza, au ni kwa matumizi binafsi tu? Je, sampuli inaweza kusikika peke yake? Leseni karibu zote zinataka ichanganywe na sauti nyingine, na wimbo ambao ni lupu moja iliyorudiwa dakika tatu unavunja sharti hilo hata kama ulilipia. Je, inaruhusu kuuza biti kwa wasanii, au ni kwa kazi zako mwenyewe tu? Je, filamu, matangazo na michezo ya kompyuta vimo? Wauzaji wengine hutenga muziki wa maktaba, ule unaouzwa kwa wingi kwa watengenezaji wa video, na kuutaka uombewe ruhusa ya pekee. Je, inataka jina la mwenyewe litajwe? Je, inasema chochote kuhusu Content ID? Na siku hizi ongeza swali moja: inakataza kufundishia programu za akili mnemba? Leseni nyingi mpya zinakataza, na jambo hilo linamhusu prodyuza anayepakia biti zake kwenye huduma za kutengeneza muziki kwa mashine.

Sauti za waimbaji zina shida ya ziada. Kiitikio cha Splice kikisikika vizuri kwako, kimesikika vizuri kwa wengine pia, na msikilizaji hukumbuka sauti ya mtu haraka kuliko anavyokumbuka snea. Leseni nyingi hazikupi ruhusa ya kutumia jina la mwimbaji. Usimwandike kama msanii mshirika kwenye kichwa cha wimbo ili upate wafuasi wake, hata kama jina lake limo kwenye jina la pakiti. Kwa kiitikio ambacho ndicho uso wa wimbo, ni heri kumlipa mwimbaji wa mtaani kwako na kusaini naye karatasi ya ukurasa mmoja inayosema amelipwa kiasi gani, kwa kazi gani, na atapata asilimia ngapi au hapati.

Hatua ya 3: Andika rejista siku hiyohiyo

Jedwali la Excel moja kwa kila wimbo linatosha. Kila sampuli mstari mmoja, na kila mstari uwe na jina la faili kama lilivyopakuliwa, jina la pakiti na muuzaji, tarehe ya kupakua, barua pepe ya akaunti, namba ya risiti, mahali inaposikika kwenye wimbo, na ulivyoibadilisha. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: lupu ya gitaa, Am, 104 BPM, Splice, 12 Machi 2025, akaunti ya prodyuza, inasikika 0:18 hadi 0:52 na 1:40 hadi mwisho, imepandishwa semitoni 2, imekatwa vipande vinne na kupangwa upya.

Safu ya mahali inaposikika ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayookoa. Dai la YouTube huja likionyesha dakika na sekunde. Ukiwa na safu hiyo unajua kwa mtazamo mmoja ni lupu ipi, bila kufungua mradi wa mwaka juzi ambao nusu ya plagini zake hazipo tena.

Pamoja na jedwali, weka nakala ya leseni yenyewe kama PDF au skrinshoti yenye tarehe. Masharti ya tovuti hubadilishwa, na kinachokulinda ni yale uliyoyakubali. Splice hutoa cheti cha leseni kwa sampuli ulizopakua, kwa hiyo kipakue ukiweke kwenye folda ileile. Freesound ina ukurasa unaokusanya sauti ulizopakua pamoja na majina ya wenyewe, na unafaa sana kwa zile za BY.

Usibadilishe majina ya faili. "Gitaa tamu mpya 2" haitafutiki popote. Kisha, wimbo ukimalizika, funga mradi pamoja na sauti zake zote. Kwenye FL Studio pita File, Export, Zipped loop package. Kwenye Ableton Live tumia Collect All and Save. Hifadhi nakala moja nje ya kompyuta ya studio. Kompyuta za studio huibiwa, tena mara nyingi pamoja na diski ya nje iliyo pembeni yake.

Hatua ya 4: Ijenge sampuli ndani ya wimbo

Mifumo ya utambuzi hulinganisha alama za sauti. Mahali pa hatari ni pale lupu inaposikika uchi: utangulizi wa baa nane (vipimo nane vya muziki) wa gitaa pekee, daraja la piano kabla ya kiitikio, na mwisho unaofifia ukiacha lupu peke yake. Hapo rekodi yako na rekodi ya mwingine aliyeacha utangulizi uleule zinafanana kabisa.

Ingiza kitu chako kuanzia baa ya kwanza: besi, ngoma, sauti ya msanii, hata sauti ya soko. Kata lupu na upange upya mpangilio wa vipande. Badilisha kasi na ufunguo pamoja. Kama pakiti ina MIDI, yaani faili la noti lisilo na sauti yenyewe, chukua MIDI uipige kwa kinanda chako, halafu badilisha noti kadhaa. Hapo rekodi inakuwa yako, ingawa melodi bado ina mwenyewe na leseni bado inahitajika. Usitegemee kupandisha semitoni moja kama kinga. Content ID hutambua mabadiliko madogo ya ufunguo na kasi, na hata isipotambua, leseni haijali umebadilisha kiasi gani.

Tahadhari moja ya baada ya miksi. Ukitoa traki zilizotenganishwa kwa ajili ya mashindano ya remiksi, ile traki ya "gitaa" ni lupu tupu ya muuzaji, na kuisambaza hivyo ni kugawa sampuli yake. Biti nzima kwa ajili ya changamoto za TikTok haina shida. Traki moja moja, ondoa zile za lupu au zichanganye na ala nyingine kabla ya kutoa.

Hatua ya 5: Mkataba wa biti useme ukweli

Prodyuza akimuuzia msanii biti yenye sampuli, leseni yake kwa kawaida inamruhusu. Asichoweza kufanya ni kuandika kwamba "kila sauti ni kazi yangu halisi asilimia mia na sasa ni mali ya mnunuzi pekee", sentensi inayonakiliwa kutoka mikataba ya mtandaoni bila kusomwa. Kifungu kinachofaa ni kifupi:

"Muuzaji anathibitisha kuwa biti ni kazi yake, isipokuwa sampuli zilizoorodheshwa kwenye Kiambatisho A, ambazo zimetumika kwa leseni isiyo ya kipekee. Haki anazopewa Mnunuzi hazihusu sampuli hizo zikiwa peke yake. Mnunuzi hatazisajili sampuli hizo kwenye mfumo wowote wa utambuzi wa sauti kama mali yake."

Kiambatisho A ni lile jedwali la Hatua ya 3, na safu ya barua pepe ya akaunti unaweza kuifuta.

Msanii naye aulize kabla ya kulipa: kuna sampuli? Za wapi? Nipe orodha. Prodyuza anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kulijibu. Kumbuka pia kwamba biti ya kukodi, hata isiyo na sampuli hata moja, inaweza kuwa imekodishwa kwa wasanii wengine thelathini. Kwa Content ID hali yake ni ileile ya lupu: huna upekee wake.

Hatua ya 6: Fomu ya msambazaji

Kwenye DistroKid, TuneCore na wenzao kuna maswali mawili ya kujibu taratibu.

La kwanza ni umiliki wa rekodi. Rekodi ya wimbo mzima ni yako ikiwa wewe ndiye uliyeitengeneza au kuigharimia, na sampuli yenye leseni haikuondolei hilo. Jibu bila woga.

La pili ni Content ID, ambayo mara nyingi huja kama kisanduku cha huduma ya ziada chenye ahadi ya kukusanya pesa zako YouTube nzima. Hapa acha pupa. YouTube inataka anayesajili awe na haki za kipekee kwa kila kilichomo, na inataja muziki wenye leseni isiyo ya kipekee na lupu za utayarishaji kati ya vitu visivyofaa. Ukiweka tiki kwenye wimbo wa ala tupu uliojengwa juu ya lupu, mfumo utaanza kudai video za watu waliotumia lupu hiyo kihalali, na malalamiko yatarudi kwa msambazaji. Anaweza kukuondolea huduma hiyo kwa nyimbo zako zote, pamoja na zile safi.

Kwa biti ya ala tupu yenye lupu ya melodi, au biti ya kukodi, usiweke tiki. Kwa wimbo wenye sauti ya msanii mwanzo hadi mwisho, ambao sampuli zake ni milio ya ngoma tu, hakuna shida. Katikati ya hapo, mwandikie msambazaji kabla ya kutoa na utunze jibu lake. Kisanduku cha Content ID kisichanganywe na kupeleka wimbo YouTube Music, Boomplay au Spotify; kule wimbo unakwenda kama kawaida na unakulipa. Huduma ya Facebook na Instagram ya kudai video za watu ipime kwa kipimo hichohicho.

Kuna njia ya kupata wimbo safi kabisa bila maswali haya: zile baa nne za gitaa zinazoubeba wimbo mlipe mpiga gitaa azipige upya, mwachie abuni zake, na asaini karatasi. Kwa wimbo unaoutegemea kulipa kodi ya nyumba, hiyo ndiyo njia tunayoipendekeza.

Hatua ya 7: Usajili wa nyumbani

Tanzania Bara kazi husajiliwa COSOTA, taasisi ya hakimiliki, chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Zanzibar ni COSOZA. Kenya ni KECOBO, ambayo ina rejista ya mtandaoni. Hakimiliki yako ipo tangu wimbo ulipotengenezwa, na usajili ni ushahidi. Andika majina ya watunzi halisi na asilimia zao zifike 100. Kama leseni ya lupu haidai fungu la utunzi, mtengeneza lupu haingii kwenye mgawanyo. Kama inadai, muweke sasa, kwa jina lake halisi, maana kuanza kugawana upya baada ya pesa kuingia ni kazi ya wanasheria. Sajili wimbo mzima. Kupeleka biti ya lupu kama utunzi wako wa pekee ni kosa lilelile la Content ID, safari hii kwenye ofisi ya serikali.

Hatua ya 8: Dai likija

Kwanza tofautisha. Dai la Content ID huelekeza mapato au huzuia video, lakini haliiumizi akaunti. Onyo la hakimiliki ni jambo jingine: matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli.

Fungua maelezo ya dai, soma dakika na sekunde, linganisha na rejista. Ukipinga ndani ya siku 5 tangu dai litoke, mapato huhifadhiwa tangu siku ya kwanza hadi mwisho wa mgogoro. Ukichelewa, huhifadhiwa kuanzia siku uliyopinga. Chagua sababu ya leseni. Usichague matumizi ya haki (fair use), ambayo ni hoja nyingine kabisa na itakuangusha. Andika kwa ufupi, kwa Kiingereza kama mdai yuko nje:

"Sehemu inayodaiwa (0:18–0:52) ni lupu yenye leseni isiyo ya kipekee kutoka Splice, iliyopakuliwa tarehe 12 Machi 2025 kwa akaunti yangu. Mdai huenda ametumia lupu hiyohiyo kihalali, lakini hana haki ya kipekee juu yake. Cheti cha leseni kipo."

Mdai ana siku 30 za kujibu. Akikaa kimya, dai linaanguka lenyewe. Akilikataa pingamizi, unaweza kukata rufaa, na hapo ana siku 7. Kabla ya rufaa hakikisha una cheti mkononi, kwa sababu mdai anaweza kujibu kwa kuomba video iondolewe, na hilo huleta onyo. Sambamba na hayo mwandikie muuzaji wa sampuli; huduma kubwa zimezoea migogoro hii, na barua yao kwa mdai hufanya kazi haraka kuliko yako.

Msambazaji naye anaweza kukuandikia akitaka uthibitisho wa haki kabla ya muda fulani kupita. Mjibu siku hiyohiyo: jedwali, cheti, risiti, katika barua moja. Wimbo uliokwisha kushushwa ni kazi kuurudisha.

Ikidhihirika kuwa huna leseni, usibishane. Ondoa wimbo, badilisha sehemu hiyo, toa upya. Rekodi mpya inahitaji ISRC mpya, ule utambulisho wa herufi na tarakimu 12 unaotofautisha rekodi moja na nyingine. Usijaribu kutumia ISRC ya zamani ili ubaki na hesabu ya wasikilizaji, kwa sababu maduka hulinganisha sauti na utambulisho, na rekodi mbili tofauti zenye ISRC moja huchanganya malipo. Waarifu waliouweka wimbo kwenye orodha zao, maana toleo jipya halitaingia humo lenyewe.